Dabi ya Machi 8: pointi zilipaswa kutolewa, hata kama zingeenda Jangwani kwa Yanga

Mimi ni Simba damu, na najua wenzangu wa Msimbazi hawatalipenda hili: ile dabi yetu na Yanga ya Machi 8, 2025 haikupaswa kugeuzwa kiporo. Ilitakiwa imalizwe palepale kwa kanuni, mmoja achukue pointi tatu, mwingine aadhibiwe.

Tukumbushane. Jioni ya Machi 7 Simba ilikwenda Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, na kwa mujibu wa taarifa ya klabu ikazuiwa kuingia. Kanuni inampa mgeni haki ya kufanya mazoezi walau mara moja kwenye uwanja wa mechi. Uongozi wetu ukatangaza kwamba hatuchezi. Siku ya mchezo Bodi ya Ligi ikaahirisha, ikisema inachunguza. Yanga wakafika uwanjani kama ratiba ilivyotaka. Watu walikuwa wameshapanda mabasi kutoka mikoani, wengine na jezi mpya walizonunua kwa ajili ya siku hiyo tu.

Wanaoitetea Bodi wanasema ilitumia busara, mshindi wa watani apatikane uwanjani. Sikubaliani nao hata kidogo. Pigeni hesabu. Kuelekea Juni 25, mechi hiyo ikiwa ndiyo ya mwisho, Yanga walikuwa na pointi 79, sisi 78. Pointi za mezani, zile za kupewa bila kucheza, zikienda Jangwani, wanafika 82. Zikija kwetu tunakuwa na 81, wao wanabaki na 79 na kombe linakuja Msimbazi. Yaani uamuzi mmoja ulibeba ubingwa mzima wa ligi, na ukakwepwa kwa zaidi ya miezi mitatu! Yanga wakaenda mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za nyumbani. Tarehe ikapangwa Juni 15, ikasogezwa tena. Mwisho wa yote timu mbili zikaingia uwanjani kucheza mechi ambayo hakuna aliyeelezwa vizuri nani alikuwa na kosa.

Sasa, Simba wenzangu mnaosema Bodi ndiyo iliyotunyima ubingwa, hapo tunaachana. Msimu mzima tulifungwa mechi mbili tu kati ya 30, na zote mbili ni Yanga. Oktoba tukajifunga wenyewe, ule mpira wa beki wetu Kijili, wakaondoka na 1-0. Juni Pacome akaweka penalti, Mzize akamalizia, 2-0. Sare nazo tulizitafuta: Coastal Union tulikuwa tunaongoza mbili, wakazirudisha, Azam wakasawazisha dakika za mwisho, 2-2. Upande wa pili, Yanga walifungwa na Azam na Tabora United, wakatoka sare na JKT Tanzania, basi. Timu ya namna hiyo ikichukua ubingwa wa nne mfululizo huwezi kusema imebebwa. Na kikosi chetu hakikuwa kibovu, tena mbali kabisa. Kilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kule Amaan, Zanzibar, dhidi ya Berkane ya Morocco, baada ya bao letu la Mutale, nilianza kuamini kabisa mpaka Kagoma wetu alipopewa kadi nyekundu.

Lakini ubora wa Yanga haufuti swali la Machi 8. Kama kumzuia mgeni asifanye mazoezi ni kosa, adhabu yake ilikuwa ipi? Kama kugomea mechi ni kosa, mbona sisi hatukunyang'anywa pointi? Kesho ikitokea kwa Namungo au KMC, klabu isiyo na mashabiki wa kujaza uwanja, mnadhani itaahirishiwa mechi kwa upole ule?

Wananchi, yaani ninyi wa Yanga, nataka kusikia kutoka kwenu pia. Mlisema hamchezi tena mechi hiyo, pointi ni zenu. Kama mliamini hivyo kweli, mlikubali vipi kurudi uwanjani Juni 25?