Mjadala: Je, tuendelee kuwafundisha watoto kwamba milango ya fahamu ni mitano tu?

Mwalimu wa shule ya msingi, Kisumu

Wiki iliyopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa Gredi ya Tatu milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, kama nilivyofundishwa mimi na kama alivyofundishwa mama yangu. Saa sita ilikuwa imepita na harufu ya githeri imeshatufikia kutoka jikoni, ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, na njaa tunaisikia kwa mlango gani?" Wenzake walicheka. Nilimwambia kwamba swali lake tungelirudia, ingawa ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Hoja yangu ni kwamba neno "tu" liondoke katika somo hili. Hesabu ya tano tumeirithi kwa Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo na kushikilia kwamba hisi ya sita haipo. Hata hivyo, mwaka 1906 Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina lake la kitaalamu hisi inayouwezesha mwili kujua viungo vyake viko wapi bila kuvitazama, ambayo vipokezi vyake vimo ndani ya misuli, kano na maungio. Msichana anayerudi kutoka kuteka maji Nyalenda, ndoo ikiwa kichwani na macho yakiwa mbele, haitazami miguu yake hata mara moja, na bado anauruka mtaro bila kumwaga tone. Je, huo ni mlango gani kati ya ile mitano?

Lugha yetu yenyewe haikuwahi kujifunga kwenye tano. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, tunasikia harufu. (Simaanishi machale, kwa hivyo tafadhali wanaotaka kuzungumzia ndoto na maono wafungue mjadala wao.)

Mwalimu mstaafu wa biolojia, Nakuru

Mwalimu mwenzangu, nakubaliana na ushahidi wako lakini sikubaliani na pendekezo lako. Ukishaanza kuhesabu kwa vipokezi, hutajua pa kukomea. Ulimi una vipokezi vya utamu na vingine vya uchungu. Je, hizo ni hisi mbili? Jicho lina seli za kuonea gizani na aina tatu za seli za kuonea rangi; je, hizo ni hisi nne? David Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kugundua vipokezi vya joto na vya mguso, na kazi ya Julius ilianzia kwenye kiini kinachoifanya pilipili iwashe, kwa sababu kipokezi kinachostuliwa na pilipili ndicho hicho hicho kinachostuliwa na joto kali. Haya basi, pilipili tuiweke chini ya ladha, joto au maumivu? Mtoto wa miaka minane anahitaji orodha anayoweza kuigusa usoni mwake kwa kidole, na marekebisho yatamfikia atakapokuwa sekondari.

Mtaalamu wa tibamaungo, Kakamega

Samahani Mzee, kwa heshima zote, wengi hawafiki kwenye marekebisho hayo. Mimi huwapokea wazee wenye kisukari wanaoanguka bafuni usiku, nao huniambia kwamba shida ni macho. Ninapowaomba wasimame miguu ikiwa pamoja kisha wafumbe macho, kipimo ambacho Mjerumani Moritz Romberg alikieleza katika karne ya 19, huanza kuyumba, nami nimeshasimama nyuma yao tayari kuwadaka. Mchana macho huwafichia upungufu wa ile hisi ya viungo miguuni. Stima ikipotea, hawana tena cha kutegemea. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba hisi hiyo ipo hawezi kumweleza daktari kwamba imepungua.

Kuna na hisi ya mizani, inayotokana na mifereji mitatu ya umajimaji ndani ya sikio. Yeyote aliyesoma simu ndani ya matatu kwenye kona za Kericho anaijua, kwa maana sikio lilimwambia anazunguka huku macho yakimwambia ametulia, na tumbo ndilo lililolipia ugomvi huo.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kisumu

Mzee wa Nakuru amenishinda kwenye hesabu, nami sitapendekeza idadi yoyote mpya. Lakini "mitano" na "mitano tu" ni kauli mbili tofauti, na ya pili si kweli kwa Gredi ya Tatu wala kwa chuo kikuu.

Jumatatu nilimjibu yule mtoto. Nilimwambia kwamba tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, nayo husafiri kwa damu hadi ubongoni, kwa hivyo taarifa ya njaa haipitii usoni. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama mlango wa ndani ya nyumba nao huhesabiwa. Hilo nawaachia wachangiaji wengine.