Hella Haasse, Mholanzi aliyezaliwa Java: tumsome kama mwandishi wa nchi ipi?

Msomaji wa Kirumba ameuliza:

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Wiki mbili zilizopita nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, pale Makoroboi, hapa Mwanza, kitabu chembamba cha Kiingereza kiitwacho The Black Lake, yaani Ziwa Jeusi, kilichoandikwa kwa Kiholanzi na Hella S. Haasse kwa jina la Oeroeg. Nilivutwa na jina tu, maana sisi tuliokulia kando ya ziwa hatuwezi kuliona neno hilo tukapita. Nilianza kukisoma nikisubiri kivuko cha Kamanga, nikakimaliza siku ya pili nikirudi, na tangu hapo hakijanitoka kichwani.

Kwa ambao hawajakisoma: msimulizi ni Mzungu asiyetajwa jina, mtoto wa meneja wa shamba la chai la Kebon Djati, milimani magharibi mwa Java, enzi Waholanzi wanaitawala nchi tunayoiita leo Indonesia. Rafiki yake, Oeroeg, ni mtoto wa nyapara wa shamba hilo hilo. Wamepishana majuma machache kuzaliwa, wanakua pamoja, na Mzungu huyo mdogo anakijua Kisunda, lugha ya wenyeji wa huko, kuliko Kiholanzi, hata baba yake anaingiwa na wasiwasi. Usiku mmoja wakubwa wanatoka na watoto kwenda kwenye ziwa Telaga Hideung, wanapanda chelezo kikuukuu, chelezo kinaharibika, na baba yake Oeroeg anakufa maji akimtafuta mtoto wa bwana mkubwa. Kuanzia hapo meneja anamsomesha Oeroeg kama mtu anayelipa deni. Oeroeg anasomea utabibu na kuingia katika harakati za uhuru, na msimulizi anakwenda Uholanzi kusomea uhandisi. Anaporudi baada ya vita, anakutana pale ziwani na mtu mwenye bastola anayemwamuru aondoke, naye hana hata hakika kama mtu huyo ni rafiki yake.

Ninauliza mambo mawili. La kwanza, mtu aliyezaliwa na kukulia koloni, akaandika kuhusu koloni kwa lugha ya mtawala, ni mwandishi wa nchi ipi? La pili ndilo linaloniuma zaidi: kwa nini Oeroeg, ambaye kitabu kizima kinaitwa kwa jina lake, hapewi nafasi ya kusema lililo moyoni mwake? Ninatamani kukipeleka kwenye kikundi chetu cha usomaji, lakini sitaki kuwapelekea wenzangu kitabu kinachomsemea mtu mweusi au wa manjano kana kwamba hana ulimi.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi:

Kijana wangu, umeuliza vizuri, na mimi nimeishi na kitabu hicho miaka mingi, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Haasse alizaliwa Batavia, ambayo sasa ni Jakarta, tarehe 2 Februari 1918. Baba yake alikuwa mkaguzi wa fedha katika serikali ya kikoloni na mama yake alikuwa mpiga piano, kwa hiyo hakulelewa katika shamba la chai kama msimulizi wake. Alikuwa mtoto wa maofisa. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Ulaya kwa sababu ya maradhi ya mama yake, kisha akarudi Java hadi alipomaliza sekondari. Mwaka 1938, akiwa na miaka 20, alisafiri kwenda Amsterdam kusomea lugha na fasihi za Skandinavia. Mei 1940 Wajerumani wakaivamia Uholanzi, mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Java, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa. Aliacha masomo yale na kuingia katika uigizaji. Kwa hiyo alipoandika Oeroeg alikuwa na miaka kumi hivi hajaikanyaga ardhi aliyozaliwa.

Sasa uangalie mwaka kilipotoka: 1948. Sukarno na Hatta walikwisha kutangaza uhuru wa Indonesia tarehe 17 Agosti 1945, lakini Uholanzi ilikataa na kupeleka majeshi. Mashambulizi yake makubwa mawili, ya Julai 1947 na ya Desemba 1948, iliyaita hatua za polisi, kana kwamba ni msako wa wezi wa ng'ombe. Kitabu hiki kilitoka kati ya mashambulizi hayo, tena kama zawadi ya Wiki ya Vitabu: aliyenunua vitabu dukani alipewa bure, bila jina la mwandishi juu yake, na wasomaji walitakiwa kubahatisha ni nani aliyekiandika. Fikiria nyumba ambayo kijana wao yuko Java na bunduki, halafu mama anarudi kutoka dukani na kitabu kinachosimulia Mholanzi anayefukuzwa pale pale alipozaliwa, tena na mtu aliyecheza naye utotoni.

Kuhusu ukimya wa Oeroeg, mimi ninauona kuwa ndio ukweli wa kitabu. Mwishoni msimulizi anakiri kwamba alimjua rafiki yake kama alivyolijua lile ziwa, yaani uso wa maji unaong'aa, na kilichokuwa chini yake hakuwahi kukifikia. Wewe ni mtu wa ziwa, unajua maana ya jambo hilo. Mtu anaweza kuoga Kirumba miaka thelathini asijue mwamba uko wapi. Haasse angeweza kumwekea Oeroeg maneno mdomoni, na maneno hayo yangekuwa ya Haasse. Alichagua kumwandika mtu ambaye hakuwahi kuuliza.

Binti wa Nansio:

Shikamoo Mwalimu. Ninakuheshimu sana, lakini hapo ninasimama upande mwingine.

Hata wakati ule, watu waliolijua jambo hilo kwa karibu hawakukipokea kitabu kwa mikono miwili. Tjalie Robinson, mwandishi wa damu mchanganyiko, ya Kizungu na ya Kiindonesia, alikishutumu vikali mara kilipotoka, akisema kwamba mwandishi hakuwajua watu aliowaandika. Tukisema ukimya wa Oeroeg ni ukweli wa kitabu, tunamsifu mwandishi kwa kutokujua kwake, na mwenye hasara anabaki kuwa yule yule aliyenyamazishwa. Kukiri kwamba hukumsikiliza mtu ni jambo jema, ila hakumrudishii mtu huyo sauti yake.

Mimi ni wa Ukerewe, na ninaposoma kuhusu kitabu hiki kinachogawiwa bure mwaka 1948, siwezi kuacha kumfikiria mzee wetu Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa mapadri, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe, ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto na kuishi maisha yao yote kisiwani, pamoja na kilimo chao, dawa zao, pombe yao, adabu za wakwe na namna ya kumpokea mgeni. Hakuna Mzungu anayesimulia humo. Kitabu hicho kilikosa mchapishaji. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, naye akafariki mwaka 1981. Kwa hiyo wenyeji walikuwa na ndimi na walikuwa wanaandika. Kilichokosekana ni mashine ya kuchapia na mtu wa kuilipia.

Sisemi Haasse asisomwe. Ninasema asisomwe peke yake.

Mjukuu wa Nyapara:

Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimya kimya, ila leo jina langu limenilazimu kuandika.

Babu yangu alikuwa nyapara katika kiwanda cha kuchambua pamba, kusini kidogo mwa mji huu, miaka ya 1950. Meneja alikuwa Mzungu mwenye mtoto wa kiume wa rika la baba yangu. Mtoto yule alizungumza Kisukuma cha wachunga ng'ombe, pamoja na matusi yake, na wawili hao walivua sangara wadogo— hapana, sangara hawakuwepo bado. Walikuwa sato na furu, kwa ndoana za waya, juu ya mawe. Siku moja mkono wa babu ulinaswa na misumeno ya mashine. Hakufa, lakini hakuweza tena kufanya kazi, na meneja akaanza kumlipia baba ada ya shule.

Baba alizitunza stakabadhi zote za ada katika sanduku la bati, zikiwa na mwandiko wa meneja kwa wino wa buluu. Nilipokuwa mdogo nilidhani anazitunza kwa shukrani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafika barua kutoka ng'ambo, imeandikwa na yule mtoto ambaye sasa alikuwa mzee, na ndani yake ilikuwemo picha: watoto wawili juu ya mwamba, mmoja ameinua samaki na mwingine anamtazama mwenzake. Baba aliitazama kwa muda mrefu, akaiweka chini ya stakabadhi, akafunga sanduku. Hakujibu barua. Nilipomuuliza sababu alisema, "Ananikumbuka mimi. Mimi ninapoona picha hii ninaukumbuka mkono wa baba."

Nilipokisoma kitabu cha Haasse nilitafuta mahali ambapo Oeroeg anazungumza juu ya baba yake aliyezama, nami sikupata. Msimulizi anahesabu ada iliyolipwa na kushangaa kwa nini rafiki yake amekuwa mkali. Mtu anayesoma haraka atasema fadhila ya punda ni mateke. Lakini Oeroeg alijua bei ya shule yake ilikuwa nini, na bei hiyo ililipwa usiku ule ziwani kabla meneja hajatoa hata senti moja. Haasse hakuyaandika hayo, ila ameacha pengo lenye umbo lake kamili, nami nimelitambua kwa sababu ya lile sanduku. Kwa hiyo Mwalimu na dada yangu wa Nansio, ninashindwa kumpa mmoja wenu ushindi.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi:

Marahaba, binti yangu. Na wewe Mjukuu wa Nyapara, asante kwa kutuamini na sanduku la baba yako.

Binti wa Nansio amenipa la kufikiri, na ninaongeza kwenye hoja yake badala ya kuipinga. Wakati Waholanzi wanagawiwa Oeroeg madukani mwao, Pramoedya Ananta Toer, aliyezaliwa Blora katika Java mwaka 1925, alikuwa amefungwa na Waholanzi hao hao katika gereza la Bukit Duri, tangu 1947 hadi 1949, na aliandika riwaya humo gerezani. Anayekipeleka kitabu cha Haasse kwenye kikundi ampeleke na Pramoedya.

Lakini kwa haki ya Haasse niseme kwamba hakuliacha jambo hili mwaka 1948. Alirudi Java kutembea mwaka 1969. Mwaka 1992 alitoa Heren van de Thee, riwaya iliyojengwa juu ya barua na nyaraka halisi za familia ya Kerkhoven, wenye shamba la chai la Gambung. Ni kazi kubwa, ingawa wachuma chai wenyewe humo wanapita kwa mbali mno kwa maoni yangu. Kisha mwaka 2002, akiwa na miaka 84, akaandika Sleuteloog, ambamo mwanamke mzee aliyekulia Batavia anaulizwa habari za rafiki yake wa utotoni mwenye asili mchanganyiko, na kumbukumbu zake zimo katika kasha la mpingo ambalo ufunguo wake umepotea. Lile jambo la kutomjua rafiki lilimfuata miaka 54. Alipewa tuzo kubwa kuliko zote za fasihi ya Kiholanzi mwaka 2004, akafariki Amsterdam tarehe 29 Septemba 2011. Ukiniuliza ni mwandishi wa nchi ipi, nitasema wa Uholanzi, na naamini swali lako la kwanza ndilo alilolibeba maisha yake yote.

Msomaji wa Kirumba:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimezungumza na wenzangu wa kikundi. Tutaanza na Kitereza, kwa kuwa wawili kati yetu ni Wakerewe na hawajawahi kumsoma, aibu ambayo wameikiri wenyewe. Haasse atafuata mwezi utakaokuja, na Pramoedya baada yake tukipata nakala.

Jana usiku nilijaribu kutafsiri ukurasa wa kwanza wa Oeroeg ili wasiojua Kiingereza wasiachwe nyuma. Msimulizi anaanza kwa kusema kwamba Oeroeg alikuwa rafiki yake, na neno hilo "alikuwa" lilinisimamisha nusu saa, kwa sababu kwa Kiswahili msikilizaji atauliza mara moja: amekufa, au mmegombana? Nimeliacha hivyo hivyo. Neno mandur la kitabuni, yaani msimamizi wa vibarua, nimelitafsiri nyapara.

Mjukuu wa Nyapara, tunakutana Jumamosi saa nane mchana, karibu na Mwaloni. Ningependa wewe ndiye usome kwa sauti sehemu ya chelezo siku ya Haasse itakapofika. Ukiona vyema, njoo na ile picha. Usipoona vyema, njoo hivyo hivyo.