Kamba kalala ubavu, matumbawe yamesinyaa: nibadili maji, niweke mkaa au niwahamishe?

Maji_Chumvi:
Wakuu naombeni msaada wa haraka. Tangi langu la maji ya bahari la lita 60, lina miezi 14 sasa, asubuhi nawasha taa nakuta kamba kalala ubavu anachezesha miguu tu, konokono watatu wamedondoka chini wako chali, matumbawe laini yote yamesinyaa. Ila samaki wangu wawili aina ya klauni wanaogelea kama kawaida na chakula wamekula. Jana jioni kila kitu kilikuwa freshi. Joto 26, chumvi 1.026, amonia (ile sumu ya uchafu na mizoga) sifuri. Nawaza nibadili nusu ya maji sasa hivi, au niweke mkaa maalumu wa kusafisha maji kwenye filta nisubiri, au niwatoe wote niwaweke kwenye ndoo. Kipi kinafaa??

Pwezi_Mdogo:
Badili maji mkuu, usisubiri. Mimi konokono alinifia nyuma ya jiwe sikumuona, usiku mmoja tu amonia ikapanda samaki wakawa wanahema juu juu, nilichookolea ni maji mapya.

MamaMatumbawe:
Pwezi kwako ilikuwa amonia, huyu amonia yake ni sifuri na samaki wake wazima. Angalieni nani anaumwa kwanza. Oksijeni ikipungua usiku au amonia ikipanda, samaki nao utawaona wanahema. Hapa samaki wanakula halafu kamba na konokono ndio wanaanguka, hiyo mimi nashuku metali au dawa ya wadudu. Shaba samaki wanatibiwa nayo na wanapona, kamba kiasi hicho hicho kinamuua. Ndugu, kuna mtu kapuliza dawa ya mbu humo chumbani? Na toa pampu ya mawimbi uangalie sumaku zinazoishika kwenye kioo kama zina kutu, usiziangalie kwa nje ya kioo, zishike mkononi.

Kuhusu hizo njia zako, kubadili nusu kunaacha nusu ya sumu ndani na kama chanzo bado kimo itapanda tena. Mkaa ni mzuri sana kwa dawa ya wadudu lakini metali unanasa kidogo, hapo unahitaji ile pedi au resini ya kunasa metali. Kwa hiyo toa chanzo kwanza, halafu maji, halafu weka mkaa na pedi vyote pamoja.

Kaa_Kimya:
Ndoo iwe ya mwisho kabisa. Kamba hapendi chumvi kuruka ghafla, akiwa mgonjwa ndio kabisa, kwa hiyo kama huna maji mapya yaliyokwisha kuchanganyika vizuri, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi, na pampu ya hewa, unamtoa kwenye shida moja unamtia kwenye nyingine. Ndoo yenyewe isiwe iliyowahi kuwekwa sabuni. Hata hayo maji ya kubadili yapime kabla hujamwaga, haraka ndio inaua wengi.

Maji_Chumvi:
Mama Mungu akubariki. Dawa hatujapuliza ila nimetoa pampu, upande wa ndani ule mfuniko wa sumaku una ufa mwembamba kama unywele, nimeubonyeza kwa kidole ikatoka tope ya kahawia na sumaku imeliwa upande mmoja. Kwa nje ya kioo ilikuwa haionekani kabisa. Nimebadili lita 20, nimeweka mkaa na pedi. Yamepita masaa 6, konokono wawili wamejigeuza wenyewe mmoja anapanda kioo, matumbawe yameanza kufunguka pembeni. Kamba amekufa, nilikuwa naye tangu mwanzo wa tangi, imeniuma kweli. Huo ufa naweza kuuziba na gundi?

MamaMatumbawe:
Pole sana kaka. Usizibe, tupa, kutu ikishaanza ndani inatanuka na kupasua gundi. Kesho badili lita 20 nyingine, pedi ikibadilika rangi weka mpya, na huyo konokono wa tatu mnuse, kama ananuka mtoe usiku huu huu kabla hajakuletea hiyo amonia ya Pwezi.