Skrubu iliyoshikwa na kutu kwenye kitako cha bunduki ya marisau: nitaitoaje bila kupasua mbao?

Mrithi wa Pangani

Habari zenu, ndugu zangu. Ninayo bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolala sambamba, kazi ya mafundi wa Birmingham huko Uingereza, ambayo marehemu baba aliitumia kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori, na ambayo leseni yake sasa iko kwa jina langu. Kwa miaka mingi ilitunzwa katika nyumba isiyofika mita 300 kutoka baharini. Mitutu ilipakwa mafuta mara kwa mara, lakini kitako hakuna aliyekikumbuka.

Sasa kitako hicho, ambacho ni cha mbao ya mjozi, kimepata ufa mdogo kwenye pembe ya chini, na ili niweze kuingiza gundi ni lazima kwanza niliondoe bamba la chuma lililofunika mwisho wake. Bamba hilo limeshikiliwa na skrubu mbili za mbao. Ya juu ilitoka bila shida. Ya chini, iliyo karibu kabisa na ufa, imegoma. Nimeipulizia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku 3, na ninachokiona ni mbao kuzidi kuwa nyeusi kuizunguka. Jana bisibisi iliteleza, ikakwangua bamba na kumega ukingo mmoja wa mfuo, ule mchirizi wa kichwani ambamo bisibisi hukaa. Nimesimama hapo kwa kuogopa kuiharibu zaidi. Naomba mwongozo wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii.

Seremala wa Tanga

Pole, ndugu yangu, na umefanya vyema kusimama. Neno langu la kwanza ni kwamba acha mafuta leo hii.

Mafuta ya kulegeza kutu yana kazi kubwa pale skrubu ya chuma inapokuwa imeingia kwenye chuma, kwa sababu hupenya katikati ya hesi za pande mbili na kuzitenganisha. Skrubu yako imeingia kwenye mbao. Mbao huyanywa mafuta hayo kama sifongo, huwa laini, hubadilika rangi, na mahali palipolowa gundi haitashika tena sawasawa, ilhali wewe mwenyewe unasema kuwa lengo lako ni kuunga ufa ulio jirani na skrubu hiyo hiyo. Ukishalitoa bamba itakubidi uyanyonye mafuta hayo kwa unga wa chaki uliochanganywa na spiriti, urudie mara kadhaa, kabla hujafikiria gundi.

Weusi unaouona si wa mafuta peke yake. Mjozi una tanini, ile asili chungu iliyomo katika miti, na tanini ikikutana na chuma na unyevu hutengeneza rangi nyeusi kama wino. Pamoja na hayo, kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyochukuliwa na chuma kabla hakijaoza, kwa hiyo skrubu yako imenenepa ikiwa ndani ya tundu lake, na nyuzi za mbao zimekandamizwa na kushikamana na kutu hiyo. Hicho ndicho kifungo unachopaswa kukivunja, na dawa yake ni joto.

Tafuta ile pasi ya umeme ambayo mafundi redio hulehemea waya, lakini iwe kubwa, ya wati 60 hadi 100. Ipake ncha yake risasi kidogo ya kulehemea ili joto lisafiri vizuri, iweke katikati ya kichwa cha skrubu, na uishikilie hapo kwa dakika 2 au 3. Skrubu yenye unene wa milimita 5 ikipanda joto kwa nyuzi 200 hunenepa kwa takriban mikroni 12 tu, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona, lakini linatosha kuipasua kutu iliyo kavu. Joto hilo pia hukausha mbao iliyoigusa skrubu na kuifanya iachie. Iache ipoe kabisa, kisha urudie mara 3 kabla ya kuigusa kwa bisibisi. Ukiona moshi, ondoa pasi mara moja.

Fundi Chuma, Morogoro

Naungana na seremala kuhusu joto, ila naomba kuongeza tahadhari mbili kabla hujachomeka pasi.

Kwanza, hakikisha bunduki haina risasi, kisha itenganishe. Bunduki ya kukunja ya aina hiyo hutoka vipande vitatu: mitutu, mkono wa mbele wa mbao, na kitako pamoja na mashine yake. Uweke mezani kitako peke yake, na hivyo vingine uvifungie kabatini pamoja na risasi zake. Hata kama utahitaji msaada wa karakana, kaa hapo hapo mpaka kazi iishe. Silaha yenye leseni haiachwi mikononi mwa mtu mwingine.

Pili, umesema bamba ni la chuma. Thibitisha kwa sumaku, kwa maana bunduki nyingi za Kiingereza za zamani ziliwekewa mabamba ya pembe ya mnyama au ya ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu, ambayo hupakwa rangi na kung'arishwa mpaka yakadanganya macho, na hayo yakipata joto hujikunja au kuungua.

Sasa nizungumzie bisibisi, kwa sababu naamini ndipo ulipoanzia ubaya wote. Bisibisi za kawaida zinazouzwa madukani zina ncha iliyochongwa kama kabari, yaani nyembamba mwishoni na nene kadiri inavyopanda. Ukiiweka kwenye mfuo wenye kuta zilizonyooka, hugusa kingo za juu peke yake, na ukiitia nguvu hupanda na kutoka huku ikizimega. Skrubu za bunduki za Kiingereza zina mifuo myembamba sana, na bisibisi yake huchongwa mahususi. Chukua bisibisi bapa ya zamani yenye chuma kizuri, uinoe kwa tupa au jiwe mpaka pande zake mbili ziwe sambamba, iingie kwenye mfuo kwa kubana na ifike chini kabisa, na upana wake usizidi kichwa cha skrubu. Kabla ya hapo safisha mfuo kwa ncha ya sindano nene, kwa kuwa kutu na nta ya zamani hujaza chini na kuizuia bisibisi isikae.

Kitako kifunge kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyovikwa ngozi. Elemea bisibisi kwa uzito wa mwili, na anza kwa kuikaza skrubu, si kuilegeza. Mzunguko mdogo sana wa kukaza huvunja kutu bila kutegemea ule ukingo wako uliomegeka. Ikisogea hata kidogo, irudishe, kisha ikaze tena, nenda rudi, nenda rudi. Ukifika mahali ukahisi chuma kinajikunja kama mpira badala ya kuzunguka, acha. Skrubu iko karibu kukatika.

Mrithi wa Pangani

Nawashukuru sana. Sumaku imethibitisha kuwa bamba ni chuma. Nimepasha joto mara 4, na katika mara ya tatu ulisikika mlio mdogo kutoka ndani, kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Nikachonga bisibisi kama nilivyoelekezwa, na skrubu ikazunguka robo moja kwenda kukaza na karibu nusu kurudi. Furaha yangu haikudumu, kwa kuwa ukingo wa pili wa mfuo ulimegeka, na sasa kichwa hakina tena mahali pa kushika. Je, nitoboe?

Mzee wa Mpanda

Toboa, mwanangu, lakini lengo liwe kichwa peke yake. Watu wengi huharibu hapa kwa kutaka kuitoboa skrubu yote, biti inateleza kwenye chuma kigumu na kuingia kwenye mbao laini ya pembeni, na kwa kitako chako pembeni ndipo penye ufa.

Piga alama katikati ya kichwa kwa senta panchi, ile patasi yenye ncha kali ya kuwekea alama, kwa nyundo nyepesi. Anza na biti ya milimita 3 ukienda kina cha kichwa tu, kisha milimita 5, polepole, bila kuisukuma. Ukipata biti inayokata kwa kuzunguka kushoto, itumie hiyo, kwa sababu mara nyingi huikamata skrubu iliyokwisha kulegea na kuitoa yenyewe. Kama haikutoa, kichwa kitabaki kama pete na kung'oka, na bamba litanyanyuka. Hapo utaona kipande cha shina kimechomoza kwa unene wa bamba, nacho utakishika kwa plaizi za kujifunga zenyewe na kukizungusha taratibu. Kwa kuwa joto lilishaivunja kutu, hakitakusumbua.

Mrithi wa Pangani

Imetoka, Mzee wangu. Kichwa kilimeguka kikiwa pete kamili, bamba likanyanyuka bila mkwaruzo mpya, na shina lenye urefu wa milimita 30 hivi likafuata plaizi kwa mizunguko kama 12. Katikati limeliwa na kutu mpaka limekuwa jembamba kama kiuno cha nyigu. Tundu lililobaki ni jeusi, na kuta zake zinamomonyoka nikizigusa kwa kijiti.

Seremala wa Tanga

Nimefurahi mno kusikia hivyo. Panua tundu hilo mpaka ufikie mbao nzima, takriban milimita 10, kisha chonga kizibo cha mbao ngumu iliyokauka vizuri. Unga kwanza ufa, uubane kwa siku nzima, ndipo ukigandishe kizibo kwa gundi ya epoksi. Nyuzi za kizibo zilale sambamba na uso wa bamba, zikatize njia ya skrubu, kwa sababu skrubu iliyoingia kwa kufuata urefu wa nyuzi haishiki kwa nguvu.

Skrubu mpya iwe ya mfuo mmoja na kichwa kinachoenea kwenye tundu la bamba. Toboa njia yake kwanza, ipake nta ya nyuki kwenye hesi zote, na uiingize kwa mkono.