Pawatila imeacha kusogea ghafla ilhali injini ni nzima

Swali: Habari zenu mafundi. Jana, nikiwa katikati ya jaruba, pawatila yangu ya zamani (trekta dogo la kulimia linaloongozwa kwa mikono) ilisimama ghafla: injini inanguruma vizuri na gia zinaingia, lakini hakuna tairi linalozunguka, wala sikusikia mlio wa chuma kuvunjika. Je, nifungue giaboksi?

Jibu la 1: Usiifungue kwanza, ndugu. Ondoa kava la mikanda, washa injini, uitazame puli ya klachi (gurudumu linalozungushwa na mikanda), mikono ikiwa mbali. Ikiwa imetulia, mikanda imelegea au imelowa oili.

Jibu la 2: Naongezea: zima injini, ingiza gia ya juu, achia klachi, kisha usukume mashine. Ikisogea kwa wepesi bila puli kuzunguka, tatizo liko baada ya puli: sahani za klachi zimekwisha, au kii ya shafti imekatika, kipande kidogo cha chuma kinachofanya shafti izunguke pamoja na klachi, ambacho huwaponza watu wakafungua giaboksi nzima bure. Lingekuwa tairi moja tu, ningeshuku klachi ya kukatia kona.

Muulizaji: Injini ikiwaka puli inazunguka, na mashine inasukumika kama mkokoteni. Nimekuta kii imekatika vipande viwili. Ahsanteni.