Mjadala: Je, sheria za mashindano ziondolewe kwenye meza za kawaida?

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Kila klabu ya michezo ya vita ya mezani ninayoijua ina hoja moja isiyozeeka. Inasema wachezaji wa mashindano wameuteka mchezo, kila mtu sasa anahesabu pointi na asilimia, na dawa yake ni kuziondoa sheria zao siku za kawaida ili watu wacheze kwa raha. Naipinga. Anayefaidika zaidi na sheria za mashindano ni yule yule anayekuja kucheza kwa starehe, na tukiziondoa ataumia yeye kwanza.

Kwa msiocheza, nieleze kwa kifupi. Watu wawili wanakutana mezani, kila mmoja na jeshi la vijisanamu alivyoviunganisha na kuvipaka rangi kwa mkono wake. Wanapima mwendo wa vikosi kwa futikamba, wanarusha dadu kuamua nani kapiga na nani kafa. Unaojulikana kuliko yote ni Warhammer wa kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo makao yake sasa yako Nottingham. Toleo la kwanza lilitoka 1983. Ule wa vita vya zama zijazo, Warhammer 40,000, ukafuata 1987. Kila kikosi kina bei yake ya pointi, na pambano la kawaida siku hizi ni pointi 2,000 kila upande. Kwa hiyo watu wawili wasiofahamiana wanaweza kukutana, mmoja na mizimwi yake na mwingine na wapanda farasi wake, na kila mmoja akawa na nafasi ya kushinda.

Sasa tukumbuke mwaka 2015. Kampuni iliufunga ule mchezo wa 1983 na kuleta mpya, Age of Sigmar. Sheria zake za msingi zilikuwa kurasa nne, zikitolewa bure, na pointi hazikuwemo kabisa. Unaleta vijisanamu unavyotaka, mwenzako analeta vyake, mnacheza. Kulikuwa na sheria za kuchekesha pia, kama ile iliyomruhusu mchezaji kurudia kurusha dadu iwapo masharubu yake ni makubwa kuliko ya mpinzani. Kama kuna wakati mchezo huu ulikabidhiwa kwa wapenda starehe bila kizuizi, ni huo.

Nani alitaabika? Wa mashindano hawakukaa wakilia. Waandaaji wao, hasa Uingereza, walijitungia mizani yao, yaani bei zao za kusawazisha majeshi, na kuendelea kucheza. Aliyebaki bila pa kushika ni yule anayeingia dukani Jumamosi na sanduku lake, hamjui mtu, anataka mechi moja tu. Ikambidi kwanza ajadiliane: hiki chako kina nguvu gani, cha kwangu nipunguze ngapi, hilo dubwana si limezidi? Mwenye haya akakubali kila alichoambiwa na kupigwa. Mwenye mdomo akashinda kabla dadu haijarushwa.

Mwaka mmoja tu baadaye, 2016, kampuni ilitoa kitabu kilichorudisha pointi na kuugawa mchezo katika njia tatu: kucheza huria, kucheza kwa masimulizi, na kucheza kwa mizani. Kazi ya wale waandaaji wa mashindano ilichangia kuijenga njia ya tatu. Zote zilikuwa halali, lakini njia ya mizani ndiyo iliyoshika meza. Walioishika si mabingwa wanaowinda vikombe peke yao. Wengi ni watu wa kawaida waliochoka kupatana bei kabla ya mchezo.

Na mizani haijitengenezi. Inapatikana kwa sababu kuna watu wanaotafuta kila tundu kwenye sheria mpaka walione. Leo kampuni inasema wazi kwamba inataka kila jeshi lishinde kati ya asilimia 45 na 55 ya mechi zake, na inatazama matokeo ya mashindano kuona nani amezidi. Jeshi likizidi, bei zake zinapandishwa, likidhoofika, zinashushwa. Kijana anayecheza sebuleni na binamu yake anazipata bei hizo hizo, zilizosahihishwa kwa jasho la watu asiowajua.

Halafu hili la tabia. Inasemwa mchezaji wa mashindano ni mkorofi. Wakorofi wapo, sikatai. Lakini mashindanoni nimeona watu wakielezana nia kabla ya kusogeza chochote: nakiweka hapa ili mzinga wako usikione, unakubali? Mpinzani anakubali, na ubishi umekwisha kabla haujaanza. Kwenye meza za starehe nimeona kinyume chake: mtu anakumbuka nusu ya sheria, anaifasiri kwa faida yake, na ukimuuliza anakuambia usichukulie kwa uzito, ni mchezo tu. Kauli hiyo imenyamazisha watu wengi waliokuwa na haki.

Ungwana wenyewe uliwahi kujaribiwa kupimwa. Zamani mashindano mengi yalimpa kila mchezaji karatasi ya kumpa mpinzani alama za uungwana, na alama za kama jeshi lake ni la haki au la kuonea. Nia ilikuwa njema, lakini ukimkabidhi kalamu mtu aliyetoka kufungwa sasa hivi, unajua ataandika nini. Uchoraji ndio uliobaki na mahali pake: tangu toleo la 2020 la Warhammer 40,000, alama 10 kati ya 100 za mechi zinatolewa kwa jeshi lililopakwa rangi kamili. Hilo ni la wapenda starehe, nalo limo ndani ya sheria za mashindano.

Karibuni tujadili. Ombi moja: leteni hoja kuhusu mchezo, si kuhusu watu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umejenga nyumba nzima juu ya kampuni moja inayouza vijisanamu vyake. Mimi nacheza vita vya historia, na kwetu usawa ungeua kila kitu.

Chukua Tanga, Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walileta kwa meli wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Upande wa Wajerumani, kamanda wao von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Walioshuka pwani wengi wao walikuwa hawajafunzwa vizuri na wametoka kukaa melini kwa majuma. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari yao aliingia mjini kutoa onyo, na Wajerumani wakapata muda wa kuleta watu kwa reli. Mapigano yakaingia mashambani, nyuki wakachokozwa na risasi wakashambulia watu, na mwisho Waingereza wakarudi melini wakiacha mamia ya bunduki na risasi laki sita.

Haya, iweke hiyo kwa pointi 2,000 kila upande. Umebaki na nini? Sisi tunapoicheza, mwenye Waingereza anajua ana watu wengi, lakini vikosi vyake vinavunjika moyo upesi, na hajui nyuki wako shamba gani. Anayejua ni mwenyeji wa mchezo, yaani anayeuandaa na kuuamua. Ushindi hatuupimi kwa nani kabaki mezani. Tunauliza kama amefanya vizuri kuliko ilivyotokea kweli. Mtu anaweza kurudishwa melini na bado akawa ndiye mshindi wa siku.

Na ubishi huu ni wa kale kuliko kampuni yako. Afisa wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, aitwaye von Reisswitz, alitoa mwaka 1824 mchezo wa kufundishia maafisa, wenye dadu na majedwali ya hasara. Mwaka 1876 afisa mwingine, Verdy du Vernois, akasema majedwali yanachosha, tuyaache, mwamuzi anayeijua vita aamue. Wakagawanyika makundi mawili kama sisi leo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki nina neno la ziada. Vita ile iliua makumi ya maelfu ya wapagazi. Hakuna bei ya pointi inayomleta mpagazi mezani, kwa sababu hapigi mtu. Kwenye mchezo wa masimulizi nampa nafasi yake: wapagazi wakiugua, bunduki za rashasha hazifiki. Watu wanaonyamaza na kufikiri mezani kwangu wanafanya hivyo hapo, wala si kwenye hesabu ya nani kashinda.

Mchangiaji wa pili

Wadau, mnaongea kana kwamba sote tuko Uingereza. Mimi niko Nairobi. Kisanduku kimoja kikilipiwa usafiri na ushuru kinakuwa bei ya kuumiza, na kikosi kinanichukua majuma kukipaka rangi kwa sababu nina kazi na watoto. Halafu baada ya miezi michache yanatoka masahihisho ya bei na sheria, na kile nilichokimaliza jana hakina kazi tena. Mwenye pesa ananunua kingine. Mimi je?

Wengine hapa tunachapa vijisanamu kwa mashine ya 3D. Vinapendeza, vinacheza vizuri, lakini mashindano rasmi ya kampuni hukubali vya kwake tu. Kwa hiyo mtoa mada, kaka yangu, usawa unaousifu unaanza baada ya mlango, na mlangoni kuna kiingilio.

Sisi tulichofanya ni kugandisha bei. Tunatumia za mwaka uliopita, na hazibadiliki mpaka wote tukubaliane. Ushindani haujapungua hata kidogo. Nendeni kijiwe chochote muone drafti: hakuna kikombe, hakuna anayebadilisha sheria kila baada ya miezi mitatu, na watu wanapigania kila kete kama shamba la urithi. Kwa hiyo mnaposema starehe upande huu na ushindani upande ule, siwaelewi. Mimi nacheza kushinda, na siendi mashindanoni.

Mtoa mada

Dada yangu, kugandisha bei nakuunga mkono kabisa, na nitalipeleka klabuni kwetu. Angalia tu kwamba bei mlizogandisha ni zile zile zilizotengenezwa na mashindano. Mmeichukua mizani mkaacha mbio za kununua, na hilo ndilo ninalolitaka. Kuhusu kiingilio sina la kukujibu. Ni kweli.

Mkuu wa Tanga, mchezo wako ningeucheza leo hii, na hilo la wapagazi sijawahi kuliona mezani popote. Lakini tazama nani anaubeba. Kuna mwenyeji aliyesoma, anayewajua wachezaji wote wawili, na neno lake halipingwi. Yeye ndiye pointi. Mwamuzi wa Verdy du Vernois naye alikuwa mtu mwenye cheo mbele ya maafisa waliozoea kutii. Mtu anayeingia klabuni jioni peke yake hana mwenyeji wala mwamuzi. Huyo unamlinda na nini ukimwondolea namba?

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni wakubwa. Huyo mtu anayeingia peke yake mnayemtetea ndiye mimi, kwa hiyo niseme.

Mechi yangu ya kwanza klabuni, sitaji klabu, ilikuwa pointi 2,000 kwa 2,000. Sawa kabisa kwenye karatasi. Mwenzangu alikuwa na jeshi alilolinakili kwa bingwa fulani, mimi nilikuwa na vijisanamu nilivyovipenda sura. Zamu ya pili sikuwa na kitu mezani. Hakunidanganya, hakunitukana, kila alichofanya kilikuwa halali. Sikurudi kwa muda mrefu.

Zile pointi zilinilinda wapi?

Mtoa mada

Marahaba. Hili ni zito kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Pointi zinapima jeshi. Hazipimi anayeliongoza, wala hazijui kwamba mmoja ana uzoefu wa miaka na mwingine ndiyo kwanza kafungua sanduku. Hapo sheria za mashindano zinaishia, na sitajaribu kuzinyoosha zifike zisikofika. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa ya hilo pia ni mpaka ulioandikwa. Toleo la 2023 la Warhammer 40,000 lina mchezo mdogo unaochezwa kwa sanduku moja kila upande, vikosi vimepangwa tayari na kampuni, na huna nafasi ya kunakili jeshi la bingwa. Mgeni aanzie hapo, na aliye mzoefu ashuke amfuate hapo. Kumtupa kwenye 2,000 siku ya kwanza ni uzembe wa klabu.

Mchangiaji wa tatu

Nakubali, mkubwa, lakini jeshi lilikuwa nusu tu ya shida. Nilipokuwa nasogeza kikosi changu kikubwa mbele ya mizinga yake, aliniona. Alijua nakosea. Akasubiri nikiachie mkono.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo ndipo ninapokushikia. Mezani kwangu angeambiwa. Sheria ipi ya mashindano inamlazimisha mtu kufungua mdomo?

Mtoa mada

Hakuna inayomlazimisha. Desturi ya kuelezana nia niliyoisema juu inamsaidia anayejua cha kuuliza, na huyu kijana hakujua. Kwa hiyo napendekeza klabu iandike sheria yake: mgeni katika miezi yake mitatu ya mwanzo, mpinzani akiona anafanya kosa la kumpotezea kikosi, amwambie kabla hajakiachia, na mgeni aruhusiwe kurudisha mkono. Baada ya hapo sheria zirudi kamili kwa wote. Pointi zibaki, bei zigandishwe kama Nairobi, na mwezi mara moja meza moja iwe ya mwenyeji kama ile ya Tanga.

Mchangiaji wa pili

Miezi mitatu ni michache kwa mtu anayecheza mara moja kwa mwezi. Hesabu mechi, kaka, usihesabu miezi.