Breki za nyuma kwenye gari za kudrifti: tupeane uzoefu, hasa sie tunaokaa na bahari

Mwana wa Bububu
Asalaam aleikum. Toyota Altezza na Mark II, gari za kudrifti (kuzitelezesha nyuma makusudi kwenye kona), zimejaa mjini, na kila nikikaa kwa fundi Mwanakwerekwe kesi ni ile ile: handibreki haishiki. Mie nnayo Altezza. Nyuma ina diski, lakini handibreki yake ni shuu ndogo (vile vipande vya breki vinavyosukuma kutoka ndani) zilizofichwa ndani ya kikombe cha diski. Ukiivuta gari iko mbioni, zinazoliwa ni hizo shuu, pedi zinazobana diski hazihusiki. Yangu ilifika mkono unapanda hadi juu na tairi hazifungi. Fundi akakimbilia kukaza kebo, nikamzuia. Tulitoa kizibo cha mpira kwenye diski, tukaingiza bisibisi, tukazungusha nyota, ile gia ndogo ya kurekebisha shuu, mpaka gurudumu likaanza kukwaruza, tukarudisha meno kidogo. Kebo ikawa ya mwisho. Haya, na nyie semeni.

Ukhti Spana
Huku Jambiani drifti haiui breki kama chumvi inavyoua. Gari ikikaa kidogo tu, pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinaganda. Utaijua ukifungua: pedi ya ndani imebaki chuma, ya nje bado nene, na gari haikai sawa ukiitelezesha kwenye kona. Mie natoa pini, nasugua kwa msasa laini, napaka grisi ya silikoni. Msikubali ile grisi ya bearing, inavimbisha mipira na pini zinabana upya.

Kaskazi
Pedali ikilegea baada ya mizunguko michache, usilaumu pedi kabla hujatazama mafuta ya breki. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya huchemka kwenye 205°C, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140 hivi. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa unyevu wetu huu, chupa iliyofunguliwa ikakaa stoo, mie simwagii hata baiskeli.

Vespa Daima
Yakhe, mie breki ya nyuma naikanyaga kwa kisigino, napita tu 😂

Mpemba wa Mkoani
Tuliofunga handibreki ya mafuta (mkono unaosukuma mafuta ya breki badala ya kuvuta kebo): ile si ya kuegeshea. Niliipaki kwenye kile kilima cha kutoka bandarini, nikaivuta na kuifunga, nikaenda kunywa kahawa. Narudi, gari imeshuka imeegemea jiwe. Presha inavuja taratibu. Kebo yangu ya kiwandani nimeirudisha. Na mkitoa upepo kwenye mafuta ya breki, vuteni na mkono wenyewe mara kadhaa, hewa inapenda kujificha kwenye silinda yake.

Kijana wa Amani
Wakuu, pedi za mashindano nyuma vipi? Kuna mtu ananiuzia.

Ukhti Spana
Unaendea nayo kazini?

Kijana wa Amani
Ndio, ndio gari pekee.

Ukhti Spana
Basi ziache. Zinataka zipate moto kwanza ndo zishike. Asubuhi ya masika utafika Darajani bado zinatafuta joto.

Mwana wa Bububu
Na ukimaliza mizunguko, usivute handibreki diski zikiwa za moto. Tembea polepole zipoe, kisha paki kwa gia.